Rosa Mistika: Nani Ajibu Mbele ya Mungu?

Katika riwaya ya Rosa Mistika (1971), Euphrase Kezilahabi ameibua swali ambalo wahakiki wengi hulipita harakaharaka: mimba ikitolewa, dhambi ni ya nani? Rosa, binti wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali, anapopata uhuru anaangukia mikononi mwa wanaume, anatoa mimba, na mwisho anajiua. Kisha msanii anamfikisha mbele ya Mungu, ambako yeye na baba yake Zakaria wanatupiana lawama.

Wapo waliodai kitabu kinafundisha uhuni; kwa muda kilipigwa marufuku shuleni. Wengine wanamtupia Zakaria mzigo wote: eti malezi mabaya, basi. Sawa, lakini hebu tujiulize, mbona kesi kubwa ni ya mtoto na mzazi tu? Hapa, kwa maoni yangu, msanii amepwaya. Deogratias na wenzake wanamtumia Rosa na kuondoka zao, na uzito wa hukumu hauwafuati.

Ajabu ni kwamba Kanisa lenyewe, ambalo wengi hudhani humtazama mwanamke peke yake, limekwenda mbali zaidi. Katika waraka wa Evangelium Vitae (1995), Papa Yohane Paulo II anashikilia kuwa kutoa mimba ni kosa zito, lakini akiwataja wahusika wengine anaanza na baba wa mtoto: si aliyemshurutisha mama tu, hata aliyemwacha apambane na ujauzito peke yake. Ndugu, marafiki, waganga na watunga sheria wanafuata. Lakini Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 151, inamtishia mwanamke miaka 7 jela. Aliyempa mimba akatoroka haimtaji.

Kwetu sisi tunaopanga vyumba hapa Kihesa, hayo si ya vitabuni tu. Hadi Novemba 2021, msichana aliyepata mimba alifungiwa mlango wa shule ya serikali, hata akishajifungua. Je, mlango ule haukumsukuma mtu kwa mtoa mimba wa kificho?

Sisemi Rosa hana hatia. Dini haifuti hiari ya mtu. Ila hatia si mkate, kwamba wakiongezeka wa kugawana kila mmoja apate kipande kidogo. Kila mmoja hubeba yake nzima. Kizimba cha Kezilahabi kilihitaji nafasi zaidi.