Mlango wa Mwajuma

Ukitoka Ngome ya Yesu, hapa Mombasa, ukashika Ndia Kuu, milango ndiyo inayokusimamisha. Fundi wa nakshi habandiki ua juu ya mbao. Hukata, akaondoa, akakata tena, mpaka ua likajitokeza pale patasi ilipoliachia. Adam Shafi aliutengeneza urafiki wa Yasmin na Mwajuma kwa mkono kama huo, katika Vuta N'kuvute, riwaya aliyoichapisha na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Sijui riwaya ya Kiswahili iliyoifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Yasmin ni binti wa Kihindi, bado mbichi, anaozwa Bwana Raza, mwenye duka aliye na umri wa kumzaa. Biashara inapodorora Unguja, mume anahamia naye Mombasa. Msomaji wa Mji wa Kale hana haja ya kusimuliwa sana hapo. Maduka ya Wahindi yalijaa mitaa yetu hii, na twajua jinsi mke wa dukani anavyoweza kuwaona watu kutwa nzima asiwe na hata mmoja wa kumwambia lake. Yasmin anatoroka, anarudi Unguja, na hapo ndipo Shafi anapoanza kukata.

Mumewe, Yasmin keshamwacha nyuma. Anawaendea jamaa zake, nao wanamkataa: mwanamke aliyemkimbia mumewe amewavunjia heshima. Mwandishi hana haraka. Anamwondolea msichana huyu pa kwenda, mahali pamoja baada ya pengine, mpaka anabaki Mwajuma peke yake, mwanamke wa Kiswahili wa Ng'ambo, asiye na mali wala jina kubwa mjini. Mwajuma anampokea.

Walikuwa wakijuana tangu zamani, lakini kujuana ni kitu chepesi. Wakati ule wa Mwingereza, Mji Mkongwe na Ng'ambo ilikuwa miji miwili iliyopeana mgongo, na kila kabila liliwekwa pake. Binti wa Kihindi kwenda kulala Ng'ambo kwa mwanamke Mswahili lilikuwa jambo zito kwa wote wawili: Yasmin anaupa kisogo ukoo wake, na Mwajuma anajitwika mdomo wa pili wa kulisha. Shafi hawapi hotuba ya mapenzi. Anawapa maisha ya chini ya paa moja, anawapeleka kwenye taarabu, na kupitia nyumba hiyo Yasmin anaingia katika dunia ya akina Denge wanaopigania uhuru. Siasa yote ya riwaya, naamini, isingetugusa kama Mwajuma asingekuwa na moyo ule.

Mwaka 2021 Amil Shivji aliitoa riwaya hii kwa filamu, na watu wengi wakavutwa zaidi na penzi la Yasmin na Denge. Penzi hilo ni zuri. Lakini kabla yake kulikuwa na mwanamke aliyemkaribisha mwenzake bila ya kutaka malipo, na huyo ndiye aliyeibeba hadithi.

Nanyi vijana wa Mombasa mnaoandika riwaya, msitwambie kwamba wahusika wenu ni marafiki wa kufa na kuzikana. Mfikisheni mmoja wao mahali ambapo hana mtu, kisha mtuonyeshe ni nani aliyekuja, na kuja kwake kulimgharimu nini.