Kanga Kwanza, Mwili Baadaye

Jina la Zanzibar limo kwenye michezo ya video tangu 1990, Konami ya Japani ilipoiita nchi yake ya kubuni Zanzibar Land katika Metal Gear 2. Mwaka 2004 Halo 2 ikaleta uwanja wa mapigano wenye jina hilohilo, una ufukwe na mtambo mkubwa wa umeme wa upepo. Watu wa Unguja hawamo. Mwanafunzi anayetaka kuwaingiza, kwa kompyuta ya kawaida na programu ya Blender isiyolipiwa, atakuta ugumu hauko usoni mwa mhusika. Uko kwenye nguo.

Wanaoanza wamezoea kuunda nusu ya mwili, kisha kuiakisi upande wa pili. Pande zote mbili zinatumia picha moja ya rangi, na kumbukumbu ya kompyuta inaokolewa. Kwa fulana nyeupe, sawa. Mvishe mhusika huyo kanga uone: jina, yaani maandishi yake, linasomeka mpaka katikati ya mgongo, halafu herufi zinageuka na kurudi zilikotoka. Nani sokoni Darajani atainunua hiyo? Na si jambo dogo, maana kwenye michezo mingi kamera humfuata mhusika kwa nyuma. Mchezaji akipita naye vichochoro vya Mji Mkongwe, anachokiona muda wote ni mgongo, na jina la kanga hukaa hukohuko.

Dawa yake, kanga isichorwe juu ya mwili. Itengenezwe peke yake, bapa, kisha izungushwe. Shati au kanzu lazima ifumuliwe kwenye mishono ili ilale na kupokea picha, na kupanga vipande hivyo ndiko kunakowakesha wanafunzi. Kanga haina mshono. Pindo, mji na jina vimeshapangwa kiwandani. Picha ya kanga halisi inaingia kama ilivyo. Ipigwe kwa juu, imetandikwa kivulini, kwani jua la saa sita linaacha vivuli vitakavyogombana na taa za ndani ya mchezo. Kanga ya sentimita 150 kwenye picha ya pikseli 1024 inapata pikseli kama 7 kwa kila sentimita, na herufi zinasomeka. Ukiishusha hadi 512 ili simu za bei nafuu zisilemewe, zinabaki 3 na kitu. Jina linakuwa ukungu. Mimi ningeanza kuipunguza picha ya uso.

Kofia ya viua ina hila yake. Vitundu vyake vikichongwa kimoja kimoja, kofia itabeba pembetatu, zile zinazounda umbo, nyingi kuliko mwenye kichwa. Inatosha picha ya pili inayoiambia taa wapi pameinuka na wapi pamezama.

Studio ya Homeboyz ya Nairobi, katika katuni ya Tinga Tinga Tales ya 2010, ilikwepa mengi ya haya: wanyama wake, waliofuata michoro ya Tingatinga, ni bapa. Hakuna kitambaa cha kuzungusha.

Mwendo ndio unaoumbua. Wengi huchukua ule uliokwisha tengenezwa kwenye tovuti ya Mixamo ya Adobe. Hatua zake ni ndefu mno, na kila sehemu ya nguo ikifungwa kwenye mfupa wa paja wa mhusika ulio karibu, kanga inagawanyika na kuwa suruali. Ipewe mifupa yake yenyewe, inayoning'inia kutoka kiunoni na kufuata goti linalotangulia, na hatua zifupishwe. Mkono mmoja ushike kanga ya kichwani. Hapo umepungua mkono mmoja wa kuhangaika kuupa mwendo.