Mkomamanga wa Chunguni

Mkomamanga hauna haja ya shamba. Kwenye roshani za ghorofa za Dar es Salaam na nyua za Mji Mkongwe, Zanzibar, wapo wanaoulea ndani ya chungu mpaka ukachanua na kuzaa. Wengi huwaona watu hao kuwa wapenda maua tu. Mimi nawaita mafundi, na sababu ninayo.

Asili ya mti huu ni Uajemi na nchi za jirani. Jamaa zetu wa Oman wanaulima kwenye matuta ya Jabal Akhdar, kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni kavu na usiku una baridi. Pwani yetu ni joto na unyevu, na masika ikishika haiachii. Kwa hiyo fundi huanzia chini, kwenye mizizi. Hupendelea chungu cha kufinyangwa kuliko ndoo ya plastiki, kwa kuwa kuta zake hupitisha hewa. Huchanganya udongo, mchanga na samadi iliyooza sawasawa, kisha hukiinua chungu juu ya vipande vya matofali ili tundu la chini lisizibe. Kisahani cha kukinga maji hakitaki. Jiji la Dar es Salaam, lililopata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, halihitaji mazalia mengine ya mbu.

Maji hayana ratiba. Kidole huzamishwa udongoni, na kidole ndicho kinachoamua. Wenye kisima cha maji ya chumvi wana kazi zaidi, maana ndani ya chungu chumvi haina pa kwenda: ukoko mweupe hutanda juu na ncha za majani zikaungua. Hao hukinga mvua, na mara moja moja humimina maji baridi mengi yapite hadi chini, yaondoke nayo.

Ila ufundi wenyewe, ule unaonifanya nisimame nitazame, uko kwenye maua. Mkomamanga hutoa maua ya namna mbili katika mti mmoja, yote mekundu, yote mazuri. Moja lina kitako kinene kama gudulia. Hilo laweza kuwa tunda. Jingine limechongoka kitakoni na kupanuka mdomoni. Hilo ni dume, nalo litaanguka. Asiyejua huona maua yakipukutika akadhani mti unaumwa, akauongezea mbolea, na mti ukamjibu kwa majani matupu. Fundi haongezi kitu. Huchukua brashi laini, akagusa chavua ya dume na kuipaka kwenye lile la kitako. Matunda yakishika huyapunguza, akabakisha machache tu ambayo mti mdogo unaweza kuyabeba. Hapo nimeona mikono ikisita. Kukata kitunda ulichokingojea kunataka moyo.

Yaliyobaki huvikwa mifuko ya kitambaa, kwani yuko kipepeo anayetaga juu ya tunda, na kiwavi wake hutoboa ganda akala punje za ndani. Kuanzia hapo maji yasipande wala kushuka: udongo ukikauka kabisa kisha ukaloweshwa ghafla, komamanga hupasuka. Safari ni ya miezi mitano hadi saba. Rangi peke yake haitoshi kukuambia limeiva. Tazama umbo: tunda lililokomaa hupoteza uduara, mbavu zikajitokeza, na ukiligonga kwa kucha hulia mlio wa chuma. Likichumwa kabla ya hapo halitaivia ndani.

Ipo pia aina fupi ya mapambo, isiyozidi mita moja, yenye matunda madogo machachu. Huchanua sana, na kwa roshani nyembamba naiona bora kuliko ile kubwa.

Machipukizi ya shinani hukatwa kila yanapotokea, na kila baada ya miaka miwili au mitatu mti hutolewa chunguni ili mizizi iliyojizungusha ipunguzwe.

Nawe ukitaka wako, usianze na mbegu, kwani mche wa mbegu haufuati mama yake. Mwombe mwenye mti mzuri, siku anapopogoa, kijiti kilichokomaa, unene wa penseli, urefu wa sentimita 20 hivi. Kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Hushika hata bila dawa ya mizizi.