Pumwani kwa Miguu: Njia Ifuate Kibali cha Kiwanja

Anayepanga matembezi ya katikati ya Florence, kule Italia, nusu ya kazi amekwisha kufanyiwa. Kanisa kuu lipo, jumba la wakuu wa mji lipo, daraja la kale lipo, na yote ni mawe yaliyosimama kwa karne nyingi. Kazi yake ni kuunganisha vituo. Akija Pumwani, Nairobi, na mbinu hiyohiyo atakwama, au ataishia kuwapitisha wageni vichochoroni wakipiga picha za mitaro, jambo ambalo wakazi wamelichoka na wana haki ya kulichoka. Jengo lenye uzito kuliko yote Pumwani ni nyumba ya udongo, na huwezi kuielewa mpaka ujue aliyeijenga alipewa ardhi kwa masharti gani. Njia ninayoipendekeza inafuata masharti hayo, hata pale inapolazimu kupita jengo la karibu na kulirudia baadaye.

Ianzie Kariokor, kwenye soko la viondo na viatu vya ngozi. Hapa ndipo palipokuwa na kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa kuhara damu, malaria na nimonia kuliko kwa risasi. Mwaka 1928 sanamu za shaba za kuwakumbuka zilizinduliwa katikati ya jiji, kando ya barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue. Huku Eastlands, upande wa mashariki wa jiji, ukumbusho ulikuwa ukumbi: Pumwani Memorial Hall, uliojengwa miaka ya 1920. Kituo cha pili kiwe hapo, maana ni mfano safi wa yale ambayo serikali ya kikoloni ilikubali kuwajengea Waafrika wa Nairobi.

Hapo ukumbini, kabla ya kuingia Majengo, mtaa wa zile nyumba za udongo ndani ya Pumwani, mwongozaji asimame na aeleze historia ya kibali cha kiwanja. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alikuja kuchunguza afya ya miji ya Afrika Mashariki, akapendekeza watu wa rangi tofauti watengwe kimakazi. Nairobi ilikuwa na vijiji vya Waafrika vilivyojiotea vyenyewe: Mombasa, Maskini, Kaburini, Pangani. Katika miaka ya 1921 na 1922, Pumwani ikatengwa iwe mahali pa kuwakusanya wote. Mamlaka ya mji ilipima viwanja kwa safu na kujenga vyoo na mabafu ya pamoja. Nyumba zenyewe iliwaachia wenyeji wazijenge kwa fedha zao, huku wakilipa kodi ya kiwanja kila mara. Ardhi haikuwa yao. Kilichokuwa chao ni kuta na paa tu.

Kuanzia hapo macho ya mgeni hubadilika. Mtu anayejua kwamba anaweza kuamriwa abomoe hawezi kuzika akiba yake kwenye jiwe. Alisimamisha nguzo, akafunga fito, akakandika udongo, na paa akaliezeka kwa madebe ya mafuta yaliyofumuliwa na kunyooshwa. Udongo ule watu wengi huuona kuwa ishara ya umaskini au ya ushamba. Mimi nauona kuwa hesabu sahihi ya mjenzi aliyesoma kibali chake vizuri.

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Tafuta nyumba moja ya zamani ambayo mwenyewe ameridhia mapema kutembelewa, mlipe kwa muda wake, na wageni waingie wachache wachache baada ya hodi kuitikiwa. Ramani ya nyumba ni ya pwani: mlango wa mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba kushoto na kulia, ua nyuma. Mwambao, ukumbi huo ni wa familia moja. Majengo, kila mlango ulioelekea ukumbini ulikuwa wa mpangaji wake. Waonyeshe wageni kwamba hakuna chumba kinachopitia ndani ya kingine. Mtu aliweza kutoka alfajiri kwenda kazini kwenye reli bila kumwamsha jirani. Muundo uliobuniwa kwa ajili ya ukoo uligeuzwa kuwa nyumba ya kodi, na ulikubali mabadiliko hayo bila kuvunjwa ukuta hata mmoja.

Miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo wanawake wengi. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha 1990 kilichotokana na mahojiano na wazee wa Nairobi, alionyesha jinsi wanawake waliotoroka ndoa au umaskini wa vijijini walivyopata fedha mjini, baadhi kwa kuuza miili, wakaziweka kwenye nyumba, na wakawa wao ndio wanaopokea kodi. Hili lisemwe wazi, tena kwa heshima. Mji huu ulijengwa kwa akiba zao, na wajukuu wa baadhi yao huenda wakawa wamekaa barazani wakisikiliza.

Msikiti wa Riyadha unafuata, wenye jina moja na ule wa Lamu. Ijumaa usipangie kuufikia adhuhuri.

Hospitali ya uzazi ya Pumwani ilianzishwa 1926 kwa jina la Lady Grigg, mke wa gavana wa wakati huo, na sasa ni miongoni mwa hospitali kubwa za uzazi katika kanda yetu. Itazamwe kwa nje. Akina mama walio ndani si maonyesho. Kuna kituo kingine cha afya ambacho hupitwa kirahisi, na ningekitengea muda zaidi: kliniki ya Majengo. Kuanzia 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba, Kanada, miongoni mwao Elizabeth Ngugi na Frank Plummer, waliwafuatilia hapa wanawake waliokuwa wakiuza miili. Wachache wao hawakuambukizwa virusi vya UKIMWI licha ya kukutana navyo mara nyingi, na damu yao ikawa msingi wa utafiti wa chanjo duniani. Madaktari wa mabara mengine wanaifahamu Pumwani kwa sababu ya wanawake hao.

Soko la Gikomba lipitwe asubuhi, kabla njia hazijazibwa na marobota ya mitumba. Ukifika uwanja wa Kamukunji, eleza tarehe 7 Julai 1990 kwa ufupi: mkutano wa kudai vyama vingi uliopigwa marufuku, na watu waliokuja hata hivyo.

Kisha mtaa wa Shauri Moyo, nao una deni kwa kijiji ambacho hakipo tena. Pangani ilikataa kuhama kwa miaka mingi, mpaka ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenye nyumba wake wakaletwa hapa kwenye nyumba zilizojengwa na mamlaka ya mji. Linganisha na Majengo: kuta imara zaidi, lakini mwenye kuta ni mwingine. Mtaa wa Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940, ulikamilisha badiliko hilo. Nyumba ni za mawe, uwazi wa kijani upo, barabara zimepindwa kwa mtindo wa miji-bustani ya Uingereza, na kila mkazi alikuwa mpangaji wa baraza la mji.

Nimeiweka Kaloleni mwisho kwa sababu ya ukumbi wake. Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa pamoja wa Kenya African Union na chama cha Wahindi, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama humo akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Alikamatwa katikati ya Mei pamoja na mwenzake Fred Kubai, wafanyakazi wa Nairobi wakagoma kwa siku kadhaa, na Singh hakuachiliwa mpaka 1961. Mgeni aliyeanza kwenye iliyokuwa kambi ya wapagazi, akapita kwenye nyumba ambazo ardhi yake haikuwa ya aliyezijenga, hatahitaji kuelezwa kwa nini dai hilo lilitolewa upande huu wa mji.