Watu wa The Sims wanabwabwaja, menyu ndiyo inayosema

JUMAMOSI iliyopita niliingia katika saiba moja mtaani Kaloleni, hapa Kisumu, kuchapisha karatasi za mtihani. Nikawakuta wanafunzi wanne wamebanana mbele ya kompyuta kuukuu, wakimfokea mtu aliyekuwa ndani ya kioo. Mtu huyo alikuwa jikoni mwake, anapunga mikono hewani na kulalamika kwa lugha isiyoeleweka, ilhali gari la kazini limekwisha kupiga honi nje na linamsubiri.

"Si uende tu!" msichana mmoja akapayuka.

"Hawezi," mwenzake akamjibu. "Kiti kimemfungia njia."

Mtu mzima, mwenye nyumba na ajira, ameshindwa kusukuma kiti! Jina Kaloleni, kwa anayejua Kigiriama, husikika kama amri: kalole-ni, yaani nendeni mkatazame. Nami nikavuta kiti changu nikatazama.

Mchezo wenyewe ni The Sims, toleo lake la kwanza, lililoundwa na kampuni ya Maxis na kutolewa na Electronic Arts mnamo Februari 2000. Mbunifu wake ni Mmarekani Will Wright, ambaye nyumba yake iliteketea katika moto mkubwa wa Oakland, California, mwaka 1991. Kule kuanza upya, kununua kitu kimoja baada ya kingine, kulimpa sehemu ya wazo la mchezo huu. Humu mchezaji hashindani na mtu. Anajenga nyumba, anaitia watu, kisha anawasimamia wale, waoge, walale na kwenda kazini.

Kasoro za toleo hilo si siri. Kila siku ni siku ya kazi. Hakuna Jumamosi wala Jumapili. Mtoto mchanga huishi siku tatu tu katika kitanda chake, kisha anageuka ghafla kuwa mtoto wa shule, na hapo ndipo anapobaki milele. Baba hazeeki. Mama hazeeki. Kifungua kinywa kinaweza kumla mtu saa nzima, na kabla hajamaliza kuoga, usingizi umemrudia. Gazeti nalo huletwa kila asubuhi, na ndani yake mna kazi moja. Ukiikubali, umeajiriwa: hakuna mahojiano, hakuna barua ya maombi, hakuna "kuna mtu unamjua pale ndani?" Hapo vijana wale walicheka mpaka mwenye saiba akawakemea. Kila mmoja wao ana kaka au dada mwenye shahada anayezunguka mjini na bahasha.

Lakini safu hii ni ya lugha, na kilichonikera mimi ni cha lugha.

Kila mtu wa mchezo huu ana haja nane, zinazoonyeshwa kwa vipimo vinavyotoka kijani hadi chekundu: njaa, starehe ya mwili, usafi, kibofu, nguvu, burudani, watu na chumba. Niliposema kwamba neno letu la jumla hapo ni "haja", wakaangua kicheko. Kwao haja ni ile ndogo na ile kubwa. Nikawaambia Kiswahili hakikukosea, kwani wabunifu wenyewe wameiweka haja ndogo katika orodha moja na urafiki, tena kwa vipimo vilivyo sawa kwa urefu. Rafiki hushuka kama njaa inavyopanda. Uhusiano wa watu wawili ni namba, kuanzia hasi 100 hadi 100, na usipomtembelea mwenzio namba hiyo hupungua kila siku. Isitoshe, huwezi kupandishwa vyeo vya juu kazini bila idadi fulani ya marafiki wa familia. Kwa hiyo unamwalika jirani, unamchekesha, unamsifu, namba inapanda, bosi anaridhika. Anayesema mchezo huu haujui "mtu unamjua" hajaucheza vya kutosha.

Sasa tuje kwenye usemi wao. Watu hawa husema lugha iitwayo Simlish. Wright alifikiria kwanza kuchota kutoka lugha halisi, zikiwemo Kinavajo, Kiukreni na Kitagalogi, akaona haifai. Waigizaji Stephen Kearin na Gerri Lawlor wakabuni sauti papo hapo, maneno yasiyo na maana yenye hisia tele. Sababu ni ya busara: sentensi halisi ikirudiwa mara mia humchosha msikilizaji, lakini sauti tupu humwachia nafasi ya kujijazia maana. Na kweli hujaza. Wachezaji wamekwisha kuafikiana kwamba "sul sul" ni maamkizi, na wale vijana wanne walikuwa wakiitana hivyo wenyewe kwa wenyewe.

Ndipo wapo wanaousifu mchezo huu kwamba hauna lugha ya mtu, hivyo mtoto wa Kondele na mtoto wa Warsaw wako sawa mbele yake. Sikubaliani nao. Watu wa mchezo ndio wasio na lugha, mchezo unayo. Iko katika menyu. Ukitaka mtu wako afanye neno lolote kwa mwenzake, ni lazima usome orodha ya vitenzi na kuchagua kimoja, na kwenye kompyuta ile vitenzi vyote vilikuwa vya Kiingereza. Mchezo huu umetafsiriwa katika lugha kadhaa, lakini Kiswahili hakikuwamo mwaka 2000 na hakimo hata katika The Sims 4 ya mwaka 2014. Mtoto wa Kaloleni anaamuru kwa Kiingereza, naye anayeamriwa anabwabwaja. Ni mpangilio tunaoujua vyema katika ofisi zetu.

Nikawapa zoezi: nyuma ya karatasi yangu iliyoharibika kwa wino, tafsirini menyu. Neno la kwanza lilikuwa la kuzungumza, nao wakaandika kwa kasi: ongea, zungumza, piga gumzo, piga stori, bonga, teta, sengenya, nong'ona, hojiana. Mchezo una kitenzi kimoja tu, na puto juu ya kichwa chenye picha ya kinachozungumziwa. Kinyume chake, vitenzi vya kupandisha na kushusha namba ni vingi: sifu, chekesha, tekenya, kumbatia, jigambe, tusi, zaba kofi. Orodha hiyo ndiyo sarufi halisi ya mchezo. Yasiyo na kitenzi hayatendeki. Hakuna kupa pole. Hakuna kutuma salamu kwa mtu asiyekuwepo. Hakuna kumwombea mtu radhi kwa niaba ya ndugu yako, jambo ambalo katika ploti zetu hufanyika karibu kila wiki.

Majina nayo yakazua ubishi. Mtu wa The Sims hupewa jina lake na la familia, basi. Akizaa, jina ni lile lile. Msichana mmoja akasema mama yake haitwi kwa jina lake na mtu yeyote: majirani humwita Mama fulani, kwa jina la kifungua mimba, upande wa baba wao humwita Nyar Seme, binti wa Seme, kwa kuwa huko ndiko alikozaliwa. "Huku kwa game angekuwa nani?" akauliza. Katika toleo hilo la kwanza hakuna hata mti wa ukoo. Shangazi, mjomba na nyanya hawana mahali. Sikudai mbunifu wa California aijue Seme. Ninachodai ni kwamba aliyeita kazi yake mwigo wa maisha amechagua maisha ya nani ya kuiga, na uchaguzi huo umefichwa nyuma ya lugha inayojidai si ya mtu.

Kuna utetezi mmoja ambao mhakiki mwadilifu hawezi kuuruka. Wright amewahi kueleza kwamba mchezo wake ni kejeli dhidi ya ulafi wa kununua. Familia huanza na Simoleon 20,000. Kila kitu kipya hupandisha kipimo cha starehe au cha chumba, kisha kitu hicho huharibika, kinahitaji fundi, na bili zinakuja. Anayeikosa bili sana hujiwa na mtu wa kunyakua vyombo. Kejeli hiyo ipo, tena ni tamu. Tatizo ni mahali ilipokaa: sehemu kubwa imo katika maelezo ya bidhaa dukani, aya fupi fupi za Kiingereza cha mafumbo na misemo ya matangazo ya biashara ya Marekani. Niliwasomea mbili tatu. Hawakucheka. Wao walikuwa wakisoma bei. Wakanunua televisheni kubwa kuliko zote, kipimo kikapanda, wakapigiana makofi. Kejeli isiyofika humwacha mtu na duka tupu, na kipimo kile cha chumba, kinachomnunisha mtu kwa sababu kuta zake hazina picha, kinabaki kuwa fundisho la kweli kwa mtoto anayelala nyuma ya pazia katika nyumba ya chumba kimoja.

Matoleo ya baadaye yalirekebisha mengi. The Sims 2 ya mwaka 2004 ilileta uzee, mti wa ukoo na siku za juma, na mtu akaweza hatimaye kupumzika Jumapili. Vijana wangu hawakuwa na toleo hilo. Walikuwa na kile kilichoweza kuendeshwa na kompyuta ile.

Karatasi yao ninayo mezani ninapoandika. Mstari uliofutwa mara nyingi zaidi ni ule wa kusalimu. Katika mchezo, mgeni hupiga kengele, unabofya, anaingia. Mvulana aliandika "salimu", akaridhika. Yule msichana wa Nyar Seme akakataa: nani anaanza, mdogo au mkubwa? Na yule mwingine je, atanyamaza? Akalifuta neno akaandika mawili badala yake, moja juu ya jingine: "amkia", na chini yake "itikia". Mvulana akamwambia nafasi katika menyu ni moja tu.

"Basi waongeze," akasema, na hapo saa yao ya kulipia ikaisha na kioo kikazimika.