Swali Kabla ya Kufuta

Kuonyesha kidirisha cha uthibitisho kwenye programu ya simu ni kazi ya dakika chache. Iwe unaandika kwa Flutter, Kotlin au Swift, kidirisha chenyewe kimeshatengenezwa; msanidi anajaza kichwa, sentensi ya maelezo na vitufe viwili, basi. Skrini ya nyuma inafifia, kisanduku kinasimama katikati na kuuliza: Una uhakika? Kwa kuwa ni rahisi, kazi hii huachiwa anayejifunza, au huahirishwa hadi usiku wa mwisho kabla programu haijaingia sokoni. Matokeo yake tunakutana nayo kila siku mikononi mwetu.

Fundi mmoja ninayemfahamu, kijana wa Dar es Salaam, hafanyi hivyo. Programu yake ni daftari la madeni kwa wenye maduka ya mtaani: nani kachukua unga na sukari, nani kalipa nusu, nani siku hizi anapita upande wa pili wa barabara. Skrini nyingi alizimaliza haraka. Kidirisha cha kumfuta mteja ndicho kisichoisha mikononi mwake, na kila ninapokitazama nakuta kitu kimesogezwa.

Mwanzoni kiliuliza kama vinavyouliza vingine vyote, "Una uhakika unataka kufuta?", na chini yake Ndiyo na Hapana. Alikikataa kwa sababu mwenye duka hakuambiwa anafuta nini. Duka moja linaweza kuwa na akina Mama Asha wawili, na kidole kwenye orodha ndefu hukosea mstari. Kwa hiyo sasa kichwa kinasema "Unamfuta Mama Asha wa Tandika?" Maelezo yanafuata: "Unamdai shilingi 14,500. Deni hili na kumbukumbu ya malipo yake yote vitapotea." Vitufe ni Mbakize na Mfute. Mtu aliyekimbilia vitufe bila kusoma juu, na wengi wetu ndivyo tulivyo, bado anajua kila kimoja kitafanya nini. Kinachonifurahisha zaidi ni kile kiasi cha deni. Hakuna aliyeomba kiwekwe. Lakini mwenye duka aliyekusudia kumfuta mteja aliyemaliza kulipa, akiona 14,500 atashtuka mwenyewe, hata kama hajasoma neno jingine lolote.

Linganisha na kidirisha nilichowahi kukutana nacho kwenye programu moja ya kuita usafiri: "Unataka kughairi safari?", na vitufe viwili, Ghairi na Sawa. Ghairi hiyo inaghairi safari, au inaghairi huko kughairi? Dereva yuko njiani anakuja, nawe umesimama juani unafanyishwa mtihani.

Waliotengeneza mifumo yenyewe ya simu wameyafikiria haya kwa muda mrefu. Mwaka 2014, kwenye iOS 8, Apple iliviweka vidirisha vya katikati na menyu zinazopanda kutoka chini ya skrini ndani ya chombo kimoja, UIAlertController. Hapo msanidi hachagui rangi ya kitufe. Anataja aina ya tendo tu, kama ni la kawaida, la kughairi au la kuharibu, na mfumo ndio unaolipaka rangi nyekundu la kuharibu na kulitenga la kughairi mahali pake. Naupenda mpango huo kwa sababu mtumiaji anakuta wekundu uleule kwenye programu ya benki na ya picha, bila wasanidi wake kuwahi kuonana. Una makali yake pia. Kwenye iPad menyu hiyo haipandi kutoka chini. Hutokea kama kiputo chenye mshale unaoelekea kitufe kilichoiita. Usipouambia mfumo kitufe hicho ni kipi, programu inaanguka papo hapo, na aliyejaribu kazi yake kwenye iPhone pekee hupata habari hizo kutoka kwa wateja. Android nayo, ilipofika toleo la 4.0 mwaka 2011, ilihamisha kitufe cha kukubali kutoka kushoto kwenda kulia. Vidole vilivyozoea ikabidi vijifunze upya.

Ila ufundi ninaoupenda kuliko wote hauonekani kwenye skrini. Kidirisha chenye vitufe viwili kina majibu matatu. Kwenye daftari hili la madeni, lililoandikwa kwa Flutter, akigusa Mfute kinarudi na ndiyo. Akigusa Mbakize kinarudi na hapana. Akigusa pembeni, kwenye ule weusi uliozunguka kisanduku, au akirudi nyuma kwa kutelezesha kidole, kinarudi mikono mitupu. Anayeanza huandika: kama jibu si hapana, futa. Msimbo huo hupita majaribio yote, kwa kuwa anayejaribu hugusa vitufe. Kisha siku moja mteja anaingia dukani, mwenye duka anagusa pembeni ili kisanduku kimwondokee, na Mama Asha anaondoka nacho. Kijana wangu ameandika kinyume chake: futa ikiwa tu jibu ni ndiyo. Tofauti ni maneno machache katika mstari mmoja, na hakuna mnunuzi wa programu atakayeyaona.

Upo pia muda kati ya swali na jibu. Kidirisha kinaweza kukaa wazi huku simu inaita, au mwenye duka anaigeuza ubavu ili amwonyeshe mtu hesabu yake. Kwenye Android, kwa kawaida kuigeuza simu huivunja skrini na kuijenga upya, na kidirisha kilichofunguliwa kienyeji hupotea nayo. Toleo la 3.0 la mwaka 2011 lilileta njia mpya ya kukikabidhi kidirisha kwa mfumo ili ukitunze. Kwenye Flutter tatizo huja kwa mlango mwingine, maana jibu linaporudi huenda skrini iliyouliza haipo tena. Zana zenyewe humwonya msanidi akague kwanza kama skrini bado ipo. Wengi hulizima onyo hilo waendelee na kazi. Yeye kaliitikia kila lilipotokea. Tena kitufe cha Mfute hulala mara kinapoguswa, kwa sababu wapo watu wanaogusa kila kitu mara mbili.

Wenye maduka wake wengi ni watu wazima, na kwenye simu zao maandishi yamekuzwa hadi mwisho. Kwa ukubwa huo sentensi ya maelezo inajaza skrini na vitufe havitoshi tena kukaa sambamba; vinapandana, kimoja juu ya kingine. Kipi kikae chini? Mwaka 2013 Steven Hoober aliwatazama watu 1,333 wakitumia simu zao katika maeneo ya kawaida, akakuta asilimia 49 ya waliokuwa wakigusa skrini wanaishika kwa mkono mmoja. Kwa mtu kama huyo kidole gumba hufika chini kwa urahisi kuliko juu. Kijana wangu kaiweka Mbakize chini na Mfute juu yake, ili anayetaka kufuta ajinyooshe kidogo. Kuna watakaosema tendo ambalo mtu amelifuata ndilo linalostahili mahali pa karibu. Kwenye vidirisha vingine nitawakubalia, kwenye hiki cha kufuta hapana. Na vitufe vyote viwili ni vipana kuliko kipimo cha chini cha dp 48 ambacho Google inakipendekeza kwa kitu chochote cha kuguswa.

Baada ya jitihada zote hizo, mtu angedhani programu nzima imejaa maswali. Nimeipekua, kumbe vidirisha hivyo ni vichache sana. Kufuta mstari mmoja wa deni hakuulizwi, kurekodi malipo hakuulizwi, kutoka kwenye programu hakuulizwi. Jef Raskin, aliyeanzisha mradi wa Macintosh pale Apple, alieleza sababu yake katika kitabu chake The Humane Interface cha mwaka 2000: swali linalorudiwa kila mara hugeuka sehemu ya tendo lenyewe, na mtu hulijibu kwa mazoea bila kulisikia. Ni lile daftari la wageni getini. Askari anamtaka kila anayeingia aandike jina, anakotoka na anayemwona, na kwa kuwa anamtaka kila mtu, watu huandika chochote huku wanatembea.

Mfano ulio mzito zaidi ulitokea Hawaii tarehe 13 Januari 2018, saa 2 na dakika 7 asubuhi, simu za wakazi zilipopokea tahadhari kwamba kombora linakuja. Halikuwepo kombora, lilikuwa zoezi tu. Mtumishi aliyeituma alieleza baadaye kwamba aliamini shambulio ni la kweli. Ripoti ya mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilibaini kwamba programu aliyotumia, ambayo ilikuwa ya kompyuta, ilimuuliza kama ana uhakika wa kutuma, na swali hilo lilikuwa lilelile kwa ujumbe wa majaribio na kwa ujumbe wa kweli. Akajibu ndiyo. Zilipita dakika 38 kabla simu hizo hazijapokea masahihisho. Sisemi kidirisha bora kingemzuia mtu aliyeamini anachokifanya. Ninachosema ni kwamba mahali pekee ambapo mashine ingeweza kumwambia "hii ni ya kweli, inakwenda kwa watu wote", haikumwambia.

Badala ya kuuliza, daftari la madeni linatendua. Ukifuta mstari wa deni unatoweka palepale, na chini ya skrini unapita utepe mwembamba: "Sukari kilo 2 imefutwa", na pembeni yake kitufe cha Tendua. Umbo hilo lilienezwa kwenye Android na mwongozo wa Material Design kuanzia 2014, na wanaotumia Gmail wanalifahamu. Kwa mtumiaji ni wepesi mtupu. Kwa anayetengeneza ni kazi kubwa kuliko kidirisha, kwa kuwa sekunde zile chache kitu kimefutwa na hakijafutwa. Jumla ya deni ipungue sasa, au utepe ukishaondoka? Programu ikifungwa utepe ungali unaonekana, je? Ameamua jumla ipungue mara moja, na mstari wenyewe ubaki ndani ya hifadhi ukiwa na alama ya kufutwa, uje kusafishwa siku nyingine. Hivyo hata aliyechelewa kugusa Tendua anaweza kusaidiwa.

Yako mambo yasiyotenduliwa, na pesa ndiyo ya kwanza. Hapa Afrika Mashariki kidirisha cha uthibitisho kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote kimekuwa kile kinacholeta jina la mpokeaji kabla pesa haijatoka. Ubora wake unaupima kwa matapeli. Tanzania nzima inaujua ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani". Mwizi amelazimika kukizungumzia kidirisha, kumwandaa mtu mapema kwa jina ambalo lingemshtua, maana anajua kwamba hapo ndipo mchezo wake unapoweza kuharibika. Sijui sifa gani kubwa zaidi msanidi anaweza kupewa. Kenya, huduma ya Hakikisha ya M-Pesa ilipoanza ilikuwa na utaratibu wa kushangaza: baada ya kuweka namba ya siri uliona jina na kiasi, ukapewa sekunde 25 za kuandika herufi au tarakimu yoyote ili kuzuia. Usipoandika kitu, pesa inakwenda. Jibu tupu lilihesabiwa ndiyo, na hapo mimi na kijana wangu hatuelewani. Yeye hawezi kulikubali, mimi naona lilifaa kwa watu waliokwishazoea kuweka namba ya siri na kurudisha simu mfukoni.

Kilichobaki alikichukua. Sasa hivi anaongeza uwezo wa kuwatumia wadaiwa ujumbe wa kuwakumbusha, jambo ambalo nalo likishatoka halirudi, na linaweza kuvunja ujirani. Kidirisha chake hakina neno "uhakika". Kinaonyesha ujumbe wenyewe mzima, jinsi Mama Asha atakavyousoma, pamoja na jina la duka na kiasi, juu yake namba yake, na kitufe kilichoandikwa Mtumie Mama Asha. Ukigusa pembeni, hauendi. Wiki hii anahangaika na saa: kama mwenye duka anatuma saa 5 usiku, kidirisha kitaje kwamba ni usiku, au kitoe kitufe cha tatu cha kuutuma asubuhi? Vitufe vitatu, kwa maandishi makubwa, havitoshi kwenye simu ndogo, na ndipo alipokwama.