Igeuze Mola Uone Mgongo Wake

Wageni wengi wanaokwenda Guna Yala, visiwa vya Karibi vilivyojipanga kando ya pwani ya Panama, hufuata mchanga mweupe na minazi. Visiwa ni zaidi ya 350, lakini Waguna wenyewe wanaishi kwenye vichache tu, na hivyo vimejaa nyumba mpaka ukingoni mwa maji. Mchanga nawaachia wanaoupenda. Cha kutazama huko ni mwanamke aliyeketi kivulini na sindano yake.

Anachoshona ni mola, kipande cha kitambaa kinachokaa kifuani mwa blauzi ya mwanamke wa Kiguna. Kingine hukaa mgongoni. Hushonwa viwili viwili, mfano wa doti ya kanga, ila hapa cha nyuma hakiwi nakala ya cha mbele: hurudia wazo lilelile kisha kikalipindua kidogo.

Vitambaa vya pamba vya rangi mbili, tatu au zaidi hulazwa kimoja juu ya kingine na kupigwa bandi. Baada ya hapo kazi kubwa ni kukata na kufunua. Mshonaji hukata kitambaa cha juu kwa ncha ya mkasi, akakunja ukingo ndani kwa sindano, akaushona kwa uzi wa rangi ya kitambaa hicho, na rangi ya chini ikachungulia. Hakati mchoro wote kwa mara moja. Hukata kidogo, akakunja, akashona, ndipo aendelee, maana pamba iliyokatwa ikiachwa wazi hutoka nyuzi. Mstari mwembamba wa milimita chache una pande mbili, na zote zimekunjwa hivyo kwa mkono.

Kwenye pembe ndipo fundi anapojulikana. Kitambaa kinachokunjwa penye kona kali hakina pa kwenda. Mkono mzito utaacha uvimbe, au nyuzi zitachomoza. Mkono mwepesi huacha ncha kali, tambarare, na mshono huuoni hata ukiusogeza machoni.

Na anashona nini? Ndege, kasa, mistari inayozungukana kama haina mwisho. Pia mabondia, nembo za vyama vya siasa, picha za kwenye vibiriti. Wanaodai mola halisi ni ile ya michoro ya kale peke yake sikubaliani nao; jicho la mshonaji liko huru.

Uhuru huo uliwahi kupiganiwa. Serikali ya Panama ilijaribu kuwalazimisha wanawake waache mola na pete za pua, na Februari 1925 Waguna wakainuka dhidi ya polisi wake. Vazi lilibaki. Nayo michoro bado wanaitetea: mwaka 2019 kampuni ya Nike ilifuta uzinduzi wa kiatu kilichobeba michoro ya mola kikinadiwa kwa jina la Puerto Rico, baada ya Waguna kulalamika.

Ukitaka kununua mola, igeuze kwanza. Nyuma ndiko mishono inakoonekana: iwe midogo, iliyokaribiana, isiyorukaruka. Zile kubwa zilizoshonwa haraka kwa ajili ya watalii ni mapambo mazuri, basi. Mimi ningechagua iliyofumuliwa kwenye blauzi kuukuu, rangi imepauka, matundu ya mshono wa zamani bado yapo pembeni, kwa kuwa hiyo mwenyewe aliishona ili aivae.